Maliro na Mzigo wa Mbele

Maliro alichoka. Tuanzie hapo hapo, tusizunguke. Alichoka magoti, alichoka mabega, alichoka hata kusalimia watu, na pale Furu, mtaa wetu wa Butembo, ukipita bila kusalimia watasema una kiburi cha watu wa Beni. Basi alikuwa anasalimia, lakini kwa kuinua kidole kimoja tu kutoka kwenye gido, usukani wa kinga yake, maana mkono mzima ulimshinda.

Kinga ni baiskeli. Kwetu Butembo hakuna anayesema baiskeli isipokuwa mwalimu akiwa darasani. Kinga ya Maliro ilikuwa nyeusi, chuma kizito cha zamani, na ndiyo kitu pekee alichotoka nacho Mbau siku ya kukimbia. Shamba la kakao lilibaki, nyumba ya mabati ilibaki, mbuzi walibaki wakilia kwenye kamba. Kinga ilifika, na juu yake alifika mke wake Adèle, nyonga imefungwa kwa kitenge, kwa sababu katika kukimbia alikuwa ameanguka mtaroni. Nyonga ile haikupona. Wauguzi waliishika, wazee wa kunyoosha mifupa waliivuta mpaka akapiga yowe, lakini wapi.

Mtoto wao hakufika. Delphin alikuwa na miaka ishirini na miwili, na wauaji wa porini walimkuta shambani akipasua maganda ya kakao, wakamkata yeye na wenzake wanne. Baba na mama walimzika haraka haraka, bila padri, bila hata wimbo, kesho yake wakashika njia. Tangu siku ile Maliro hakulitamka jina la mtoto. Miaka mitatu! Adèle alilitamka kila jioni kwenye sala, na kila jioni Maliro alikuwa na kitu cha kufanya nje: mara tairi limepungua pumzi, mara mnyororo umelegea. Majirani walisema ni ugumu wa mwanaume. Ah, majirani nao.

Kazi yao ilikuwa kasiksi, pombe ya ndizi. Kila Jumanne na kila Ijumaa walikwenda Vuhovi kwa Papa Gamaliel, mzee anayekamua ndizi kwenye mtumbwi wa mti, wakarudi na bidon mbili, madumu ya lita ishirini, kwa mama mmoja wa buvette, kibanda cha pombe, pale Furu. Maliro alikuwa na miguu, Adèle alikuwa na ulimi. Alikuwa anachovya kidole, analamba, anatema pembeni kwa adabu zote, halafu anasema, "Hii muliongeza maji," au "Hii ingoje mupaka kesho," na Papa Gamaliel, na mvi zake zote, anakubali. Maliro mwenyewe hakujua kutofautisha kasiksi nzuri na maji ya kuoshea sahani. Alisukuma tu.

Ni kusukuma, si kuendesha. Njia ya Vuhovi ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka ujiulize Mungu alikuwa anafanya nini siku hiyo. Adèle alikaa nyuma kwenye portebagaji, kiti cha mizigo, miguu huku na huku kama mwanaume, bidon zimening'inia chini ya miguu yake, moja kulia, moja kushoto. Vijana wa barabarani walikuwa wanapiga miluzi: "Papa, unapeleka bibi-arusi wapi?" Adèle aliwajibu kutoka juu, "Napelekwa kwa babako!" Maliro hakucheka, lakini kupanda kulikuwa kunapungua kidogo.

Sasa mvua za Aprili zilipokuja, nyonga ikakaza. Adèle hakuweza tena kutanua miguu. Aliweza kukaa kiupande tu, miguu yote upande mmoja, na hapo bidon hazikuwa na mahali. Zikikaa bidon, Adèle hakai. Akikaa Adèle, bidon zinabaki Vuhovi.

Utasema si abaki nyumbani mama wa watu apumzike? Ndivyo kila mtu alivyosema. Na Maliro alijaribu, mara moja, Jumanne moja. Aliondoka alfajiri akamwachia viazi vimechemshwa na sahani juu yake. Aliporudi saa kumi, sahani ilikuwa vile vile, viazi vimekauka, mbabula, jiko la makaa, haikuwashwa, na Adèle alikuwa kitandani ameangalia ukuta, viatu miguuni.

"Hukukula?"

"Sikukuwa na njaa."

"Kutoka asubui?"

Maliro alisimama pale mlangoni na matope yake mpaka magotini, na kitu kikamwambia wazi wazi: ukimwacha huyu peke yake ndani ya chumba hiki siku mbili kwa juma, utarudi siku moja hutamkuta. Atakuwa amemfuata mtoto. Hakuogopa umaskini, hakuogopa wauaji wa kule porini kama alivyoogopa ile sahani. Akaapa moyoni kwamba Adèle habaki. Atakaa nyuma, na mzigo utakwenda mbele.

Mbele sawa, lakini mbele vipi? Hapo ndipo mwezi mzima ulipokwisha.

Alikwenda kwanza kwa Zorobabel, fundi wa kuchomelea vyuma pale kwenye kona ya barabara, mtu mnene mwenye miwani myeusi na mdomo usiofungwa.

"Papa Maliro," Zorobabel alisema, "kinga iko na nyuma moja. Ni mama ao ni bidon. Chagua."

"Nataka portebagaji ya mbele."

"Ya mbele! Na wewe utakaa wapi, mu mti?"

Maliro hakuwa na nguvu za mzaha. Aliondoka, akarudi kesho yake, akaondoka tena. Akaanza kutazama kinga za watu. Alimtazama muuza mikate na kapu lake la miti mbele ya gido, akamtazama mwenye kuku na tundu lake. Alikuwa anasimama katikati ya barabara akitazama magurudumu ya wenzake mpaka pikipiki zinampigia honi na kumtukana kwa Kilingala. Jioni alijitupa kitandani akiwa amechoka zaidi ya siku ya Vuhovi, na hakuna alichobeba. Kuchagua nako ni kazi, asikudanganye mtu.

Katika parcelle ile ile, kiwanja walichopanga chumba, mlango wa tatu, alikaa Hadidja, mwanamke Mwislamu kutoka Beni, mshonaji. Mume wake alikuwa dereva wa lori, haonekani wiki mbili tatu, na yeye alikuwa anashona mifuko ya bâche, lile turubai wanalopewa wakimbizi, mfuko wa mtoto wa shule, wa muuza dawa, wowote. Hadidja alimwona Maliro amechuchumaa mbele ya kinga yake kwa siku ya kumi, akamhurumia.

"Papa, nikushonee mufuko wa mbele. Bâche mara mbili, uzi ya pneu, ya tairi. Wallahi haitapasuka."

"Mufuko?" Maliro alisema. "Mama Hadidja, mufuko ni ya madaftari. Miye nabeba kilo makumi ine."

Ukweli tuuseme, kwa kuwa yeye hakuusema: Maliro alikuwa anajua tangu siku ya kwanza anachotaka. Kule Mbau kinga yake ilikuwa na chuma mbele, kiti cha fito nane kimechomelewa juu ya ule uma unaoshika gurudumu. Alikuwa anaweka bidon mbili za mawese pale, wima, halafu anaendesha mpaka Beni akipita Mavivi kwenye uwanja wa ndege, upepo kifuani, anapiga mluzi. Chuma kile alikivunja mwenyewe kwa nyundo siku ya kukimbia ili kinga iwe nyepesi. Sasa alikitaka kile kile. Fito nane, upana ule ule, urefu ule ule.

Na hili ni kosa la watu wa kule chini, wanaliingia wote na sisi wa huku juu Butembo tunawacheka. Beni ni tambarare. Ukiendesha kwa mwendo, mzigo wa mbele unajinyoosha wenyewe, gurudumu linakwenda linakotazama. Butembo huendeshi. Unatembea pembeni pole pole, mkono kwenye gido, na mzigo ukikaa juu ya uma, gurudumu likigeuka kidogo tu, mzigo wote unageuka nalo. Mtoto wa Butembo wa miaka saba anayajua haya. Lakini mtu anayetaka kitu cha kwao haulizi mtoto wa miaka saba.

Zorobabel aliuliza, tumpe haki yake. "Utaendesha ao utasukuma?"

"Fanya tu, fundi."

"Mi nauliza juu ya—"

"Hapana niuliza mingi. Fanya!"

Zorobabel akashusha miwani, akafanya. Kilipokamilika kilikuwa chuma kizuri, kimepakwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye geti la mtu. Maliro alikileta nyumbani karibu atabasamu. Adèle alitoka na fimbo yake, akakizunguka, akakigusa kwa kiganja.

"Iko mbali na mwili," alisema.

"Mwili gani? Hii ni kinga, haiko mutu."

Adèle akarudi kukaa. Maliro hakumwuliza zaidi.

Ijumaa walikwenda. Kwenda kulikuwa raha. Chuma kitupu kililia kidogo tu, Adèle nyuma kiupande amejishika kwenye kiti, akasimulia njia nzima: maharage ya fulani yamekauka, nyumba ya fulani imepata bati jipya, yule mtoto wa jana ameshakuwa na mimba, mama weee. Kwa Papa Gamaliel alionja, akakataa ya kwanza, akakubali ya pili. Wakajaza bidon, wakaziba midomo kwa jani la ndizi lililokunjwa, kwa maana kasiksi inapumua, ukiifungia kifuniko itakurukia usoni. Wakazikaza juu ya chuma kwa kamba za mpira.

Kwenye mteremko wa kwanza gido likawa zito. Maliro akasema ni uchovu. Kwenye mteremko wa pili, ule unaoshuka mpaka kwenye daraja la miti, gurudumu la mbele likapanda jiwe dogo, jiwe la ukubwa wa yai, likageuka kulia. Kilo arobaini za pombe zikageuka nalo. Gido lilimponyoka mkononi kana kwamba mtu amelinyang'anya. Alishika kiti, akashika hewa, na kinga ikalala chini na Adèle wake.

Watu wakakimbia kutoka mashambani. Na unajua walipiga kelele gani kwanza? "Pombe! Pombe inamwangika!" Watu gani hawa. Mmoja alikuwa tayari amepiga magoti na kikombe. Maliro aliruka juu ya bidon, akaingia mtaroni, akamkuta Adèle amekaa kwenye matope, kiwiko kinatoka damu, kitenge kimepanda, uso umekuwa wa kijivu. Mtaroni, kama siku ile.

"Umeumia?" Adèle alimwuliza yeye.

"Miye? Ni weye njo umeanguka!"

"Nakuuliza, umeumia?"

Walirudi na bidon tupu. Mwanaume mwenye kikombe aliwasaidia kusukuma mpaka juu, na hiyo tumshukuru. Njia nzima Adèle hakusimulia kitu, na Maliro aliona aibu hata ya kukohoa.

Wiki mbili hazikuwa za kwenda popote. Nyonga ilivimba, Adèle alilala, na Maliro alikaa naye, hakumwacha hata kwenda misa. Mama wa buvette alipata kasiksi yake kwa mtu mwingine. Walikula makoloka, yaani magimbi, ya kupewa na jirani, asubuhi na jioni. Siku ya kumi na mbili Maliro alipeleka kinga kwa Zorobabel akamwambia akate kile chuma. Zorobabel, na mdomo wake wote, hakucheka. Alikata kimya, akakataa kupokea chochote, akamwambia, "Papa, nenda ulale kidogo." Maliro alisukuma kinga kurudi nyumbani na kujiambia kwamba imekwisha, kinga ina nyuma moja, atachagua, na hajui atachagua vipi.

Alipoingia parcelle, Adèle alikuwa nje. Amekaa kwenye kibao mlangoni kwa Hadidja, mguu umenyooshwa, na magotini ana kipande kikubwa cha bâche ambacho alikuwa anakipima kwa kiganja.

"Leta hiyo kinga hapa," alisema.

Maliro akaleta. Adèle akaweka kiganja kwenye kichwa cha kinga, pale ambapo gido linaingia kwenye chuma, akashuka nacho mpaka chini ya kiti, akahesabu viganja kwa sauti, na Hadidja akachora kwa chaki.

"Kila kitu unawekaka juu ya gurudumu," Adèle alisema bila kumtazama. "Gurudumu ni mukono. Mutu haweki mahindi ku mukono. Mahindi inalala ku mugongo, na kamba inashika ku kichwa. Mzigo ikiachana na mwili, njo inakuvuta." Akainua uso, akasukuma kilemba nyuma. "Ona hapa."

Kwenye paji la uso wake, toka sikio hadi sikio, kulikuwa na bonde jepesi. Kila mwanamke wa kwetu aliyebeba ana bonde lile. Kamba inapita pale, mzigo unalala mgongoni, mikono inabaki huru kushika mtoto au kuchuma mboga njiani. Miaka thelathini Adèle alikuwa amebeba hivyo: kuni, maji, kakao, na Delphin kifuani. Na bwana huyu, mwezi mzima, alikuwa amemwuliza fundi wa vyuma, muuza mikate na mwenye kuku. Mke alikuwa amekaa nyuma yake, na hakumwuliza. Maliro alitaka ardhi ipasuke. Akasema tu, "Sikujua," na Adèle akasema, "Hukuuliza," na hapo ikaisha.

Mfuko ulishonwa kwa siku tatu. Ilikuwa mifuko miwili iliyounganishwa, ikilala pande zote za chuma cha katikati, mbele ya kiti, chini, imegusana na mwili wa kinga. Mkanda mpana wa mpira ulizunguka kichwa cha kinga na kushuka kushika uzito wote. Haukugusa gurudumu, haukugusa gido. Kweli, ulizuia kuendesha, magoti hayakupata nafasi. Lakini nani anaendesha kwenda Vuhovi?

Walipojaribu kwa bidon mbili za maji, nusu ya mtaa ilikuja kutazama.

"Yee! Kinga ya Maliro imekuwa mwanamke!" Zorobabel alipaza sauti kutoka kwenye kona. "Inabeba na paji ya uso!"

"Na njo itafika," Adèle alimjibu.

Maliro alisukuma mpaka juu ya kilima na kurudi. Gido lilikuwa jepesi, gurudumu lilikwenda alikolituma. Alirudi jasho linamtoka na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze alicheka.

"Ijumaa tunaenda!"

"Ijumaa utaenda," Adèle alisema. "Miye nabakia."

"Unasema?"

"Nabakia na Hadidja. Batu bane baliomba mufuko kama hii. Yeye anashona, miye napima. Nenda."

Alikasirika, tena alikasirika sana. Akasema mbele ya watu, "Mwezi muzima nahangaika! Chuma, mufuko, kuanguka, yote ni juu yako! Nyuma iko wazi, ni kiti yako, sasa unanikatalia?" Adèle alimwacha amalize. Halafu akamwambia pole pole, "Nyuma weka bidon ingine," na akachukua chaki yake. Maliro akalala na hasira ile, akaamka nayo.

Ijumaa alikwenda peke yake. Nyuma hakuweka bidon. Alijiambia ni kwa sababu bado hajaizoea kinga, lakini tusimsaidie kujidanganya, hakuweza tu. Na mfuko, jamani, ulikuwa mzuri kiasi cha kuudhi. Hakukuwa na gido la kupigana nalo, hakukuwa na kamba ya kukaza, hakukuwa na kitu cha kutukana. Kila akishuka mteremko aligeuka kusema "shika vizuri," akakuta portebagaji tupu. Maharage ya fulani yalikuwa kando ya njia, yamekauka au hayakukauka, hakuna aliyesema. Kule mbele ya daraja la miti alijikuta amesimama, na hakujua amesimama kwa muda gani. Kakao. Alikuwa anasikia maganda ya kakao yanapasuliwa. Hakuna kakao kule Vuhovi, ni baridi. Alikuwa anayasikia.

Alifika kwa Papa Gamaliel saa nne.

"Mama iko wapi?" mzee aliuliza.

"Iko ku kazi."

"Basi leo onja weye." Akamtilia kwenye kikombe.

Maliro akanywa. Ilikuwa chungu au tamu, ina maji au haina, hakujua. Alitaka kusema ni nzuri. Mdomo ulipofunguka kikatoka kitu kingine, sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua, na kikombe kikaanguka. Papa Gamaliel aliacha mtumbwi wake wa ndizi akamshika mabega.

"Mutoto wangu balimukata," Maliro alisema. "Delphin. Mutoto wangu Delphin, balimukata mu kakao, na miye nilikuwa ku soko."

Akaanza, na alipoanza hakuweza kuacha. Alilia kwa kelele, kamasi zikimtoka, mbele ya wanawake waliokuwa wanamenya ndizi. Nao waliacha kumenya, wakakaa chini kumzunguka, wakalia naye kama inavyotakiwa kwenye msiba, kwa sababu msiba ule haukuwa umekaliwa na mtu. Walimwuliza mtoto alikuwa na sura gani, alikuwa anapenda kula nini, na Maliro akajibu yote. Jua lilifika katikati, bidon ziko tupu, hakuna aliyezikumbuka. Papa Gamaliel alizijaza mwenyewe baadaye, kwa ile nzuri, na akamsindikiza mpaka kwenye daraja.

Alifika Furu saa kumi na moja. Adèle alikuwa mlangoni kwa Hadidja, chaki mkononi, sahani tupu pembeni yake, amekula. Alimtazama mume wake machoni. Hadidja akaona, akakusanya nyuzi zake akaingia ndani.

"Nimelia kwa Gamaliel," Maliro alisema. "Mbele ya batu bote."

"Umesema jina yake?"

"Nimesema."

Adèle akaweka chaki chini.

"Ile Jumanne uliniacha," alisema, "unafikiri nilikataa kula juu ya nini?"

"Juu ya mutoto."

"Mutoto namuliliaka kila siku, na nakula. Nilikuwa nakungojea weye. Nilisema huyu mwanaume, na ile kitu iko ndani yake, akifika peke yake ku daraja, hatarudi. Nilivaa viatu nikutafute, mguu ikakataa. Njo maana nilikuwa napanda nyuma. Hii nyonga ilikuwa inaniwaka moto, kwenda na kurudi, na nilikuwa napiga mudomo tu njia yote, maharage, mabati, usipate nafasi ya kufikiri."

Maliro aliegemeza kinga ukutani.

"Miaka tatu?"

"Miaka tatu. Nilichoka, Papa Delphin. Nilichoka sana." Akamvuta kwa mkono akae kando yake kwenye kibao. "Ile siku ya mufuko ulicheka, njo nilisubutu kukuacha uende, lakini na mudomo umefungwa singekuacha mara ingine. Sasa umelia. Sasa naweza bakia nyumba, nipumzike."